Taa za tanki la matumbawe: buluu ni yao, nyeupe ni yako

Mtu akianza kufuga matumbawe nyumbani swali lake la kwanza kwangu ni nipe setingi zako za taa, na mimi siku hizi sizitoi haraka, si uchoyo jamani, ni kwamba hapo ameuliza maswali mawili kwa mpigo bila kujua. La kwanza, tumbawe linataka mwanga gani ili liishi na likue. La pili, wewe ukikaa kwenye sofa jioni unataka kuona nini. Majibu yake hayafanani kabisa na fujo nyingi za taa ninazoziona kwa watu zinatoka hapo, mtu anafurahisha macho yake akidhani analisha tumbawe, au analisha tumbawe vizuri tu halafu analalamika tanki halina rangi.

Mimi kwetu Tanga, naishi Leicester, Uingereza, tanki langu ni la lita mia mbili na ushee, na ndani kuna mchanganyiko wa kila kitu. Chini kwenye mchanga na mawe ya pembeni kuna uyoga, yaani matumbawe laini yenye umbo la uyoga, na zile zoa, matumbawe madogo laini ya vidoto vya rangi, katikati kuna Euphyllia, zile za minyiri mikubwa inayocheza na maji, halafu juu kabisa karibu na taa kuna yale magumu ya vijiti, Stylophora, Montipora, na Acropora kidogo. Vyote ni vipande vilivyokuzwa matankini, watu hapa wanakatiana na kubadilishana. Na kwa wale ndugu zangu wanaoniambia si ungebeba tu kutoka nyumbani ukija likizo, hapana, matumbawe magumu yapo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, huyavushi mpaka bila vibali, na hata ingekuwa ruhusa miamba yetu ilipigwa vibaya na joto la 1998, wacha kilichobaki kikae baharini.

Haya, swali la tumbawe kwanza kwa sababu ndilo rahisi.

Maji ya bahari yanameza rangi kwa zamu, nyekundu inakwenda mapema, ukishuka kama mita kumi imebaki kidogo sana, inafuata machungwa na njano, na kwenye maji masafi buluu ndiyo inayosafiri mbali kuliko zote. Sasa tumbawe limekuwa likiishi humo miaka na miaka, na vile vijimwani vinavyokaa ndani ya nyama yake vikiliwekea chakula vimejipanga kwa mwanga huo huo. Vina klorofili a na klorofili c2, na vina rangi nyingine inaitwa peridinini, na ukizijumlisha zote unakuta mlo mkubwa upo kati ya nanomita 400 na 500, yaani kuanzia urujuani mpaka buluu, peridinini inasogea kidogo kuelekea kijani. Kwa hiyo tumbawe likipata buluu ya kutosha limeshiba. Nyeupe, kijani, nyekundu, hizo ni nyongeza, haligomi kula ukizipunguza.

Niliposhika hilo kichwani mambo mengi yalikaa sawa. Kwenye taa za LED chaneli, yaani kundi la chipu za rangi moja unalolipandisha na kulishusha peke yake, inayobeba mzigo ni ile buluu iliyokolea, ya kwenye nanomita 450 hivi, na ile buluu nyepesi kidogo ya 470. Hata ile LED nyeupe ukiichunguza ni chipu ya buluu iliyopakwa unga wa njano juu, buluu inapita na unga unatoa kijani, njano na nyekundu kidogo, macho yetu yakichanganya yanaona nyeupe. Kwa hiyo ukipandisha nyeupe hujaondoa buluu, umeongeza buluu kidogo na ukamwaga juu yake njano nyingi.

Hapo ndipo macho yanapoanza kutuchezea, na hili nalirudia kwa kila mtu kwa sababu ndilo linaloua matumbawe ya watu. Jicho la binadamu mchana linaona vizuri zaidi kwenye kijani-njano, kama nanomita 555, na kwenye 450 halioni vizuri. Sasa chukua tanki lenye nyeupe nyingi, unaliona linawaka kama mchana. Punguza nyeupe, pandisha buluu, chumba kinaonekana kimeingia giza na wewe unasema aa mwanga umepungua ngoja nipandishe zaidi, unapandisha tena mpaka jicho liridhike, kumbe huko ndani tumbawe lilikuwa limeshapata zaidi ya mwanzo na sasa umelimiminia mara mbili. Wiki inayofuata juu kabisa kunaanza kupauka, vijimwani vinatoka, mtu anasema maji yamechafuka. Hapana bwana, ni taa. Ile ap ya simu ya kupima mwanga nayo haisaidii, imetengenezwa ione kama jicho letu linavyoona, ukiipeleka kwenye buluu inakupa namba ndogo ya uongo.

Kipimo chenye maana kinaitwa PAR, kinahesabu mwanga wote wa 400 mpaka 700 bila kujali jicho linapenda nini. Mita yake bei yake inauma, lakini hapa maduka kadhaa na vikundi vya wafugaji wanakodisha, unaichukua wikendi unapima tanki lote unarudisha. Fanya hivyo. Kwangu chini mchangani inasoma kama 80, katikati 130 mpaka 150, juu kwenye vijiti 250 hivi, na hayo ndiyo maeneo ambayo wafugaji wengi wanayataja, laini na uyoga chini ya 150, yale ya minyiri mikubwa katikati, magumu ya vijiti 200 mpaka 350. Ila uliza kwanza kama mita ni ya aina mpya, zile sensa za zamani zilikuwa zinaikosa buluu, unapima unapata ndogo kuliko ilivyo.

Tukija swali la pili, la macho, hapa ndipo pana utamu na ubishi.

Rangi za matumbawe zimekuja kwa njia mbili. Kuna zile zinazowaka, yaani tumbawe linapokea mwanga wa buluu au urujuani linaurudisha ukiwa kijani, njano, machungwa au nyekundu. Hizo protini ni ukoo mmoja na ile ya kijani aliyoipata Osamu Shimomura kwenye kiwavi-bahari, yeye na wenzake wawili wakapewa Nobel ya kemia 2008 kwa ajili yake, na ile nyekundu maarufu waliyoipata wanasayansi baadaye ilitoka kwenye Discosoma, yaani uyoga kama huu huu ninaofuga mimi hapa sebuleni, kila nikiutazama najiona na mimi nimo kwenye sayansi. Rangi za namna hii zinataka buluu tupu. Ukiwasha nyeupe nyingi hazijaenda popote, bado zinawaka, ila zimezidiwa, kama taa ya simu uliyoiwasha juani.

Halafu kuna zile zisizowaka. Hizi zinafanya kazi kama rangi ya kitambaa, zinameza baadhi ya mwanga na kurudisha uliobaki. Waridi ya Stylophora, zambarau na buluu ya Acropora nyingi, nyingi ya hizo ziko huku. Sasa ukimulika kwa buluu peke yake itarudisha nini, haina nyekundu wala njano ya kurudisha, inaonekana kijivu au nyeusi nyeusi tu. Stylophora yangu jioni taa zikibaki buluu utadhani kijiti kikavu, mchana nyeupe ikiwepo ni waridi mpaka mgeni anauliza ni plastiki?

Kwa hiyo mchanganyiko wa taa unatakiwa ufuate ulichonacho tankini. Kama tanki lako ni zoa na uyoga na Euphyllia za kijani, karibu vyote vinawaka, kaa kwenye buluu na urujuani, nyeupe weka kidogo tu ili samaki waonekane samaki. Kama umejaza vijiti vya waridi na zambarau, kubali nyeupe ndani, usipoiweka pesa yako hutaiona. Na kama una vyote kama mimi itabidi ugawe siku, nitafika huko.

Hili pia ndilo linalokuokoa dukani. Maduka mengi ya matumbawe yanamulika vipande kwa buluu iliyokolea kabisa, kila kitu kinawaka kama Krismasi, na bei inafuata ule mwako. Mimi kabla ya kulipa naomba kwa adabu, samahani ndugu unaweza kuniwashia nyeupe kidogo? Wauzaji wazuri hawana shida, wanawasha. Kipande ambacho kwenye buluu ni kijani cha kutisha mara nyingi kwenye nyeupe ni kahawia chenye kivuli cha kijani, sasa uamuzi ni wako, kama nyumbani ni mtu wa buluu nunua kwa raha zako. Na kinyume chake pia kipo, nimewahi kupata kijiti kwa bei ya kutupa kwa sababu chini ya buluu ya duka kilikuwa kinatisha kwa ubaya, nyumbani chini ya nyeupe kikatoka zambarau safi, huyo ndiye bosi wa tanki langu mpaka leo.

Urujuani sasa, zile chipu za 400 mpaka 420. Jicho halizioni sana kwa hiyo watu wanadhani hazifanyi kazi, lakini zinawasha baadhi ya rangi ambazo buluu ya 450 inazigusa kidogo tu, na klorofili a inazila vizuri sana. Enzi za tyubu za floresenti kulikuwa na ile aktiniki ya 420, tyubu ya buluu-urujuani, wazee wa hobi hii wanaikumbuka kwa mapenzi. Mimi naziweka karibu na buluu, chini kidogo. Ziheshimu tu, kwa sababu ndizo rahisi kuzipandisha bila jicho kushtuka.

Nyekundu na kijani ndiyo chaneli ambazo kila mwenye taa mpya anazichezea siku ya kwanza. Kijani kidogo kinasaidia, kinaondoa ule ukakasi wa waridi na kufanya nyeupe ionekane kama maji ya kweli. Nyekundu nayo kidogo inaamsha rangi za samaki, hasa wale wa machungwa wenye mistari myeupe. Lakini kidogo, asilimia tatu, tano. Kuna utafiti uliochapishwa 2014 uliofanywa kwa Stylophora pistillata, ukaonyesha nyekundu inapozidi inalirudisha nyuma tumbawe, vijimwani vinapungua na afya yake inashuka, na ukifikiri inaingia akilini, baharini nyekundu nyingi maana yake uko juu sana karibu na jua kali, huenda tumbawe linaisoma kama onyo. Hapo mimi nakisia sababu, matokeo yenyewe ndiyo hayo. Na jambo la pili lisilo la kisayansi, ukiwa na taa ya chipu chache zilizotawanyika nyekundu na kijani zikizidi unapata vivuli vya rangi vinavyotembea mchangani kama disko, inachosha macho.

Hilo la disko ndilo linalonifanya niheshimu zile tyubu nyembamba za floresenti, T5, mpaka kesho. Mzee mmoja wa hapa Leicester aliyenipa vipande vyangu vya mwanzo anazo mpaka leo na hataki kusikia LED. Yeye kuchanganya rangi kwake ni kuchagua tyubu, mbili za buluu, moja ya buluu yenye nyeupe, moja ya waridi-zambarau, basi, kila mwaka anabadilisha kwa sababu zinachoka na rangi inahama. Mwanga wake umelala sawa tanki zima, hakuna kivuli chini ya matawi. Mimi na LED yangu tawi la juu likikua la chini linabaki gizani upande mmoja na linakuwa kahawia huko, nimelazimika kuongeza fimbo nyembamba ya taa za LED upande wa nyuma ndiyo pakatulia. Umeme ndio ulionizuia kwenda kwenye tyubu, bili za hapa nyie mnazisikia tu.

Na wale wanaopenda namba za Kelvini, kile kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye taa, elfu kumi, elfu kumi na nne, elfu ishirini, zilikuwa na maana zaidi enzi za tyubu na zile balbu za metal halaidi, kadiri namba inavyopanda ndivyo buluu inavyozidi. Kwenye LED za chaneli nyingi namba hiyo inakuambia tanki litaonekanaje kwa mbali tu, haikuambii nini kipo ndani. Mbili zinaweza kuwa na sura moja na moja ina urujuani nyingine haina.

Siku yangu naigawa hivi. Asubuhi taa zinaanza buluu hafifu zinapanda taratibu, mchana kuna saa nne hivi za nyeupe ikiwa kama asilimia 20, halafu nyeupe inashuka na kuanzia tukirudi kutoka kazini mpaka usiku inabaki buluu na urujuani. Jumla haizidi saa kumi. Usiku giza kabisa, ile buluu ya mwezi ya kuacha mpaka asubuhi nimeizima, samaki wanalala na mimi nalala. Buluu zangu zote mbili zinacheza kwenye 70, urujuani 55, haya nimezitaja lakini msizinakili, asilimia 70 ya taa yangu si asilimia 70 ya taa yako, chipu zako ni ngapi, taa umeiinua sentimita ngapi juu ya maji, vioo na lenzi za nani. Uwiano ndio unaweza kunakili, nguvu kapime mwenyewe.

Hii ratiba ilitoka kwenye mazungumzo na mke wangu zaidi kuliko kwenye sayansi. Yeye hapendi sebule ya buluu, anasema inamuumiza kichwa, na mimi nilikuwa nataka zoa zangu ziwake. Tulikubaliana wikendi nyeupe inaongezwa saa za wageni, na kila ninapoongeza nyeupe nashusha buluu kidogo ili jumla ibaki ile ile, hilo ni muhimu, usiongeze chaneli bila kupunguza nyingine. Ukibadilisha mchanganyiko mzima, au umenunua taa mpya, anzia chini, nusu ya nguvu unayotaka, panda asilimia chache kila wiki. Taa nyingi zina kitufe cha kuzoesha kinafanya hivyo chenyewe kwa wiki kadhaa, kitumie.

Na si kila rangi iliyokufa ni kosa la taa, hili watu wanalisahau. Tumbawe likiwa kahawia kila mahali mara nyingi vijimwani vimejazana kwa sababu naitreti na fosfeti ziko juu, au mwanga ni hafifu. Likiwa limepauka rangi za unga unga angalia kama naitreti na fosfeti zimekwenda sifuri kabisa kabla hujagusa slaida yoyote ya taa. Mimi napima maji kwanza, taa baadaye, kwa sababu taa ukiigusa utasubiri wiki nyingi kujua ulichofanya.

Halafu kuna picha, na picha ndizo zinazowapa watu presha. Simu ikiona buluu nyingi inachanganyikiwa, kila kitu kinatoka kama kimetumbukizwa kwenye wino. Mama yangu nikimpigia kwa video kutoka Tanga haoni hata samaki mmoja, anasema baba wee zima hiyo buluu nikuone. Dawa ni kile kilenzi cha plastiki cha machungwa unabana mbele ya kamera ya simu, kinakata buluu na rangi zinazowaka zinatokea. Lakini kilenzi hicho hicho ndicho kinachotengeneza zile picha za ajabu za mauzo, tumbawe lina rangi saba kama upinde, kwa jicho tupu hulioni hivyo hata ukikesha. Ukiona picha ya muuzaji mchanga wake una machungwa machungwa au mawe meusi kabisa, omba picha nyingine chini ya nyeupe.

Nyumbani kwenyewe pale mwambani bamvua likitoka, maji ya kifuani, jua la saa sita, matumbawe hayawaki. Ni kahawia, kijani cha jani kavu, krimu, hapa na pale ncha ya zambarau au waridi. Kuna rafiki yangu wa Mombasa yupo Birmingham yeye tanki lake ameliweka hivyo hivyo makusudi, nyeupe nyingi, buluu ya kutosha kulisha, samaki wengi, na anasema hayo mengine ni disko. Wageni wake wanapita bila kusema kitu na yeye hajali. Matumbawe yake yanakua kuliko yangu, PAR yake tumepima tukakuta karibu sawa na yangu, kwa hiyo tofauti itakuwa kwenye kalsiamu na alkali, na huko mimi ndiko ninakohamishia hela mwezi huu, taa siigusi.